UZI: Barafu inayowaka chini ya bahari, kuitoa wameweza kwa siku 60, sasa tuongelee miaka 20

#1 Mpima Kina

Wakuu salama? Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, maana hii mada kila ikiguswa watu wanagawanyika pande mbili halafu inakufa. Mtu anarusha ile picha ya kipande cha barafu kinawaka moto kwenye kiganja, wa kwanza anasema hiyo ndo nishati ya karne, wa pili anasema wakiigusa tu bahari italipuka dunia iishe. Mi nimeifuatilia hii kitu miaka mingi na naona wote wawili wanatazama pasipo. Hofu yangu iko kwingine, ntaifikia.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Haidreti ya methani ni maji yaliyoganda huku yameifungia gesi ndani. Molekuli za maji zinashikana zinatengeneza kama vizimba vidogo, ndani ya kizimba inakaa molekuli ya methani, haijaungana na maji, imefungiwa tu. Ili ikae hivyo inataka baridi na presha kubwa kwa pamoja, ndo maana huikuti ufukweni. Iko kwenye udongo ulioganda daima kule kaskazini ya dunia, na zaidi kwenye miteremko ya mabara chini ya bahari, kuanzia kina cha kama mita 300 mpaka 500 kwenda chini, imejificha ndani ya tope na mchanga wa sakafuni. Gesi yenyewe sehemu kubwa imetengenezwa na vijidudu vilivyokula mabaki ya viumbe vilivyozama enzi hizo. Mita moja ya ujazo ya haidreti ukiileta juu ikayeyuka inakupa karibu mita za ujazo 164 za gesi na maji kama 0.8. Hiyo 164 ndo inawatoa watu udenda.

Na sio kitu kipya. Humphry Davy alishaona haidreti ya klorini maabara mwaka 1810. Mwaka 1934 Hammerschmidt kule Marekani akaonyesha kwamba kinachoziba mabomba ya gesi wakati wa baridi sio barafu ya kawaida, ni haidreti. Na mwaka 2000 wavuvi karibu na kisiwa cha Vancouver, Kanada, walivuta wavu wa kukokota wakakuta umejaa zaidi ya tani moja ya mabonge meupe yanayochemka na kutoa mapovu, ikabidi wayarudishe baharini haraka. Hebu fikiria umevuta wavu ukitegemea samaki unakuta hiyo.

Kuhusu wingi wake, hapa ndo uongo mwingi unapoingia. Zamani yalikuwa yanatajwa makadirio ya gigatani (yaani tani bilioni) 10,000 za kaboni, wakasema ni mara mbili ya makaa ya mawe na mafuta na gesi yote ukijumlisha. Makadirio yaliyofuata yalishuka sana, wapo wanaotaja kati ya 500 na 2,500. Bado ni nyingi ajabu, lakini sehemu kubwa imetawanyika ndani ya tope laini, kidogo kidogo, huwezi kuivuta kwa faida. Inayovutika ni ile iliyojaa kwenye tabaka za mchanga.

Nitaendelea na majaribio yaliyofanyika, ngoja nipange.

#2 msomaji wa usiku

Nimeweka kambi hapa mkuu. Shusha vitu.

#3 Fundi Mabomba

Mkuu Mpima Kina umenigusa pale kwenye mabomba. Mi nimefanya kazi kwenye laini za gesi miaka kadhaa, kampuni siitaji, na hiyo haidreti naijua kwa sura. Tulipata plagi, yaani kizibo cha haidreti, kwenye bomba baada ya gesi kupita na unyevu mwingi kuliko inavyotakiwa, presha upande mmoja iko juu, upande wa pili imelala. Bosi akataka tupunguze presha upande mmoja haraka kazi iendelee. Mzee mmoja aliyekuwa na uzoefu akakataa katakata, akasema ukishusha upande mmoja plagi inaachia inakwenda kama risasi, ikigonga kona inapasua bomba. Tulishusha pande zote mbili taratibu, tukatia methanoli ya kuiyeyusha, tukasubiri karibu siku nzima na zaidi. Ndo siku nilijifunza kwamba hii kitu haina haraka, inayeyuka kwa wakati wake, na ukiilazimisha inakuumiza.

Kwahiyo nikisikia watu wanataka kwenda kuishusha presha makusudi chini ya bahari, ambako hamna anayeiona, nasikiliza kwa makini sana.

#4 Mpima Kina

Fundi asante, hiyo hadithi yako imebeba nusu ya uzi wangu, maana njia inayotumika kuitoa baharini ni hiyo hiyo, kushusha presha.

Iko hivi. Wanatoboa kisima mpaka kwenye tabaka la haidreti, wanaweka pampu, wanavuta maji yaliyomo kisimani. Maji yakipungua presha inashuka, haidreti inayozunguka kisima inakosa kilichokuwa kinaishikilia, inavunjika kuwa gesi na maji, gesi inapanda. Njia ya kupasha joto ilijaribiwa pia, Mallik kule kaskazini mwa Kanada mwaka 2002 walizungusha maji ya moto, gesi ikatoka lakini kidogo sana ukilinganisha na nguvu iliyotumika. Wakarudi 2007 na 2008 na njia ya presha, ile ya 2008 ikatoa gesi siku sita mfululizo. Tangu hapo karibu wote wameelekea huko.

Japani ndo waliokuwa na uchu zaidi na mi siwalaumu, nchi inaagiza karibu nishati yake yote kutoka nje, halafu 2011 ikatokea ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. Machi 2013 meli yao ya kuchimba, Chikyu, ilitoa gesi ya haidreti kutoka baharini kwa mara ya kwanza duniani, mfereji wa Nankai, maji ya kina cha kama mita 1,000 na haidreti iko kama mita 300 chini ya sakafu. Wakapata karibu mita za ujazo 120,000 ndani ya siku sita. Halafu mchanga ukaingia kisimani, pampu ikashindwa, ikaisha. 2017 wakarudi na visima viwili, cha kwanza kikasimama baada ya siku 12 kwa sababu ile ile ya mchanga, cha pili kikaenda siku 24 kikatoa zaidi ya 200,000.

Mwaka huo huo wa 2017 China wakaingia eneo la Shenhu, bahari ya China Kusini, siku 60, mita za ujazo karibu 309,000, na wao walikuwa wanatoa kwenye tope lenye chembe ndogo sana, jambo ambalo wengi waliona haliwezekani. Mwaka 2020 wakachimba kisima cha kulala, siku 30 wakapata 861,400.

Sasa piga hesabu. Hiyo ya 2020 ni kama 28,700 kwa siku. Kisima kizuri cha gesi ya kawaida baharini kinatoa mara kumi ya hapo na zaidi, kinaendelea miaka. Na jumla ya muda wa majaribio yote ya baharini niliyoyataja, ya Japani na ya China ukiyaweka pamoja, hayafiki miezi mitano. Hapo ndo hofu yangu ilipo wakuu. Kila taarifa ya majaribio haya inasema hakukuonekana uvujaji, sakafu haikuporomoka, mazingira salama. Naamini walichopima ni kweli. Lakini umepima siku sita, umepima siku 60, na unachotaka kuombea kibali ni mgodi wa miaka 15 au 20 wenye visima makumi. Mabadiliko ya sakafu ya bahari hayafuati kalenda ya jaribio.

#5 Nguzo ya Umeme

Mpima Kina nakuheshimu kwa data lakini hapa unataka tukae gizani. Kila chanzo cha nishati kilianza na majaribio mafupi, gesi ya mwambani, ile inayotolewa kwa kupasua mwamba, pia walisema haiwezekani, leo iko sokoni. Methani ikiungua inatoa karibu nusu ya hewa ukaa ya makaa ya mawe kwa umeme ule ule. Nchi ambayo leo inachoma makaa ikipata gesi yake mwenyewe chini ya bahari yake, ni nani wa kuiambia isiguse? Na teknolojia haikui kwenye makaratasi, inakua kwa kuchimba. Afu hata umeme wa jua na upepo unataka kitu cha kushikilia usiku upepo ukilala.

Unachotaka wewe ni wasubiri uhakika ambao hautapatikana bila kuchimba.

#6 Mpima Kina

Nguzo hoja yako nzito na hilo la mwisho ndo linanikosesha usingizi, ni kweli kuna vitu huwezi kuvijua bila kuchimba. Ila nikwambie tofauti ya haidreti na gesi ya kawaida iko wapi, maana watu wanazichanganya.

Gesi ya kawaida imekaa chini sana, mara nyingi kilomita kadhaa, juu yake kuna mwamba mgumu uliofunika kama mfuniko wa chungu. Ukitoa gesi, mfuniko bado upo. Haidreti iko mita mia mbili tatu chini ya sakafu na juu yake ni tope. Na haidreti yenyewe mara nyingi ndo gundi ya ule mchanga, imejaza nafasi kati ya chembe na chembe ikazishikamanisha. Ukiiyeyusha unatoa bidhaa na unatoa saruji ya jengo kwa wakati mmoja. Ule mchanga uliozima pampu ya Wajapani 2013 haukuwa bahati mbaya ya mitambo, ndo tabia ya tabaka likipoteza gundi yake. Watu wanausoma kama tatizo la kichujio, watengeneze kichujio kizuri basi. Mi nausoma kama ujumbe kutoka chini.

Kitu kingine, kuyeyuka kwake kunakula joto. Tabaka linapoa linapotoa gesi, lisipopata joto kutoka pembeni haidreti inaanza kuganda tena au inagoma. Kwahiyo ukitaka uzalishaji mkubwa inabidi ushushe presha zaidi na utanue eneo, visima vingi, yaani unazidi kulegeza sakafu eneo kubwa zaidi. Sakafu inadidimia. Ikiwa tambarare labda itadidimia tu. Lakini kumbuka haidreti nyingi iko kwenye miteremko.

Watu wanapenda kutaja Storegga hapa, ngoja niiseme vizuri kwa sababu inatumiwa vibaya. Pwani ya Norway, karibu miaka 8,150 iliyopita, iliporomoka sehemu ya mteremko wa bahari ya ujazo wa kama kilomita za ujazo 3,000, tsunami yake ikaacha mchanga mpaka Scotland. Wengine wanasema haidreti ilisababisha. Wataalamu wengi siku hizi wanaelekeza kwenye matope mengi yaliyorundikana haraka na barafu za zamani, halafu tetemeko likamalizia, haidreti kama ilichangia basi haikuwa dereva. Sawa. Ila angalia Wanorway walifanya nini walipogundua gesi ya kawaida ya Ormen Lange mwaka 1997 ndani ya kovu lile lile la Storegga. Waliuchunguza mteremko kwa miaka kabla ya kujenga, wakapima, wakatoboa sampuli, wakataka kwanza kuelewa kwa nini uliporomoka na kama unaweza kuporomoka tena. Gesi ikaanza kutoka 2007. Na ile ni gesi ya chini sana, sio haidreti ya juu juu. Umakini wa namna hiyo ndo naudai, sijasema tukae gizani.

Na Nankai yenyewe ni mahali pa matetemeko makubwa, 1944 na 1946 palitikisika kwa nguvu mara mbili mfululizo. Ukiongeza kitu kinacholegeza sakafu mahali pale lazima uwe na majibu kabla, sio baada.

#7 msomaji wa usiku

Swali la mtu asiyejua. Hivi ile ya kwamba gesi ikitoka ghafla inazamisha meli, na kwamba ndo siri ya Bermuda, kule wanakosema meli zinapotea, ina ukweli? Na je bahari yote inaweza kuachia kwa mpigo mmoja?

#8 Mpima Kina

Bermuda ifute kabisa. Mapovu mengi yanaweza kupunguza uwezo wa maji kubeba chombo, hilo maabara wameonyesha, lakini hamna ushahidi wowote kwamba haidreti imezamisha meli pale, na wanajiolojia wa Marekani wameshasema hawaoni dalili ya mlipuko mkubwa wa gesi eneo hilo kwa miaka 15,000 iliyopita. Hadithi za namna hii zinaharibu mjadala kwa sababu mtu akishagundua moja ni uongo anadharau na hatari za kweli.

Kuachia kwa mpigo pia hapana. Haidreti ya kina kirefu iko salama mbali, joto linachukua mamia ya miaka kupenya mpaka ilipo. Na gesi ikitoka sakafuni kwenye kina cha mamia ya mita, sehemu kubwa haifiki hewani. Kwanza kuna vijidudu ndani ya tope vinavyoila methani kwa kutumia salfeti, bila oksijeni. Ikivuka hapo inayeyuka kwenye maji na bakteria wengine wanaimalizia. Kule magharibi ya Svalbard, visiwa vya kaskazini ya Norway, walihesabu mifereji ya mapovu zaidi ya 250 karibu na kina cha mita 400, dunia ikapiga kelele kwamba haidreti imeanza kuyeyuka kwa joto la sasa. Baadaye wakapima miamba ya chokaa iliyojengwa na methani pale wakakuta uvujaji una miaka maelfu.

Mimi ukiniambia nichague kati ya kutisha watu na kuwaambia ukweli wa Svalbard, nachagua Svalbard. Lakini kusema haifiki hewani sio kusema haina madhara, hapo naomba mwenye elimu ya viumbe aje.

#9 Samaki wa Giza

Nimeitwa naona. Mi nimesomea viumbe wa bahari, ntaongea hili moja tu maana linaniuma.

Bakteria wakiila methani ndani ya maji wanatumia oksijeni na wanatoa hewa ukaa, kwahiyo maji ya pale yanakosa hewa na yanakuwa na tindikali zaidi. Uvujaji mdogo wa asili bahari inaubeba, imeuzoea. Uvujaji mkubwa wa kudumu mahali pamoja unatengeneza eneo ambalo samaki hawakai. Huwezi kuliona ukiwa juu ya meli.

Halafu sehemu zenye haidreti karibu na sakafu sio jangwa. Watu wanafikiri chini kule ni tope tupu. Kuna kome wanaoishi kwa bakteria walio ndani ya mashavu yao, wanakula methani badala ya jua. Kuna minyoo ya mirija, Lamellibrachia, isiyo na mdomo wala tumbo, inakua polepole kiasi kwamba mmoja anaweza kuvuka miaka 200. Mwaka 1997 kwenye Ghuba ya Mexico waliona minyoo ya rangi ya waridi inaishi juu ya bonge la haidreti yenyewe, imejichimbia vishimo kwenye barafu ya gesi na inapeperusha miguu yake midogo ili maji yapite. Kiumbe amefanya barafu inayowaka kuwa nyumba.

Sasa kitu kilichokua miaka 200 ukikifunika na tope la kuchimbia hakirudi baada ya mradi kuisha. Najua wanaotoa gesi wanalenga tabaka za mchanga chini zaidi, hawachimbi pale pale kwenye minyoo. Lakini vifaa vinawekwa juu ya sakafu, nyaya, mabomba, maji yaliyotolewa na kemikali vinakwenda mahali. Kabla hujaweka kitu inabidi uwe umepiga ramani ya nani anaishi pale, na kuipiga ramani sakafu ya kina cha kilomita moja ni kazi ya miaka, bado hatujamaliza hata sehemu ndogo ya bahari.

#10 Hesabu Kwanza

Ngoja niweke namba maana naona hewa ukaa imetajwa juu juu.

Kilo 1 ya methani ikiungua vizuri inatoa kilo 2.75 za hewa ukaa. Kilo 1 hiyo hiyo ikivuja hewani bila kuungua, kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto kama kilo 80 hivi za hewa ukaa, kwa miaka 100 kama 27 mpaka 30. Inadumu hewani karibu miaka 12 tu ila kwa muda huo inafanya kazi kubwa.

Chukua kilo 100 ulizotoa chini ya bahari. Zikivuja 3 njiani, zimebaki 97 za kuchoma, 97 mara 2.75 ni karibu 267. Zile 3 zilizovuja mara 80 ni 240. Yaani asilimia tatu tu imevuja na umekaribia kuongeza mara mbili joto la muda mfupi la gesi yako. Ule unafuu wa nusu dhidi ya makaa aliosema Nguzo, kwa kipindi hicho cha miaka 20, umekaribia kwisha.

Na kama alivyosema Mpima Kina, inayovuja sakafuni kwenye kina haifiki hewani sana, kwahiyo hesabu yangu sio ya sakafuni. Ni ya baada ya hapo: jukwaani, kwenye valvu, kompresa, bomba la kuja nchi kavu, kiwanda cha kuipoza iwe kimiminika, meli. Fundi anajua zaidi.

#11 Fundi Mabomba

Anayesema bomba lake halivuji hajalipima. Naishia hapo.

Ila niongeze kitu watu wamesahau. Mwaka 2010 ile ajali ya Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, watu 11 walikufa. Mafuta yalipokuwa yanatoka walishusha kuba kubwa la chuma, kama tani 100, lifunike kisima kwenye kina cha mita 1,500 ili wayavute juu kwa bomba. Gesi ikakutana na maji ya baridi chini ya ile presha, ikaganda haidreti ndani ya kuba, ikaziba tundu na kuanza kulinyanyua, wakalazimika kulisogeza pembeni. Wale walikuwa na hela na mitambo yote ya dunia. Sasa kwenye kisima cha haidreti yenyewe, kikiharibika, kila utakachokiteremsha kurekebisha kitakutana na hali hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ngumu kuliko mnavyoiona mkiwa kwenye kiti.

#12 Nguzo ya Umeme

Hesabu nimeielewa na nakubali kwamba asilimia ndogo inaharibu. Lakini kuna njia moja hamjaigusa na ndo ilinivutia mimi kwenye hii mada. Unasukuma hewa ukaa chini, inachukua nafasi ya methani ndani ya vile vizimba, methani inatoka, hewa ukaa inabaki imeganda pale pale. Sakafu haipotezi gundi, na umezika uchafu wako. Alaska walifanya 2012. Na Alaska hiyo hiyo, 2023 mpaka 2024, Wamarekani na Wajapani wamefanya jaribio refu la miezi, kwahiyo hoja ya siku sita inaanza kuzeeka.

#13 Mpima Kina

Hapo umekuja vizuri na mi hiyo njia naipenda kwa moyo wote, ndo pekee inayojibu tatizo la gundi. Lakini soma kilichotokea 2012, mradi wa Ignik Sikumi. Hewa ukaa tupu hawakuweza kuiingiza, ingekutana na maji yaliyo huru kwenye tabaka ikaganda papo hapo ikaziba njia. Wakaichanganya na nitrojeni, na nitrojeni ndo ilikuwa nyingi kuliko hewa ukaa yenyewe. Ikaingia, mabadilishano yakafanyika kiasi, halafu uzalishaji uliofuata wa karibu mwezi ulitegemea kushusha presha kama kawaida. Kubadilishana kunafanyika polepole, hewa ukaa inagusa ganda la nje la haidreti, kupenya ndani inachukua muda. Maabara inapendeza. Kwenye tabaka la kweli bado.

Jaribio refu la Alaska nalo nalipa heshima, ndo aina ya kazi ninayoitaka. Ila ni nchi kavu, chini ya udongo ulioganda, mtambo umesimama juu ya ardhi na mtu anaweza kuufikia kwa gari. Halina mteremko wa bahari wala mita 1,000 za maji juu yake. Huwezi kulichukua ukalibandika Nankai au Shenhu au kule bonde la Krishna-Godavari, ambako India walikuta tabaka nene wakati wa safari zao za uchunguzi 2006 na 2015.

#14 msomaji wa usiku

Sasa kisima kikishafungwa na kampuni ikaondoka, ni nani anabaki kuangalia chini kule? Kuna chombo cha dunia?

#15 Mpima Kina

Mkuu, wewe unajiita hujui lakini swali hilo ndo nililoandikia uzi.

Kuna Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, makao yake Kingston, Jamaika, inasimamia sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi. Lakini haidreti inayofaa kuvunwa karibu yote iko kwenye miteremko, ndani ya maili 200 za nchi husika kwa mujibu wa mkataba wa sheria ya bahari wa 1982. Kwahiyo ile mamlaka haina kauli. Nchi inayotaka gesi ndo hiyo hiyo inatoa kibali, inapima, na inatangaza kwamba pako salama. Mteremko ukiporomoka wimbi halisimami kwenye mpaka wa maili 200.

Na tabaka likishapoteza haidreti linaendelea kujipanga baada ya pampu kuzimwa. Presha inarudi taratibu, maji yanarudi, sehemu zingine zinaganda tena, sehemu zingine zinabaki zimelegea, sakafu inaendelea kukaa. Kampuni imeshahesabu faida yake na meli imeshaondoka. Kipindi hicho ndo cha kupima na hakina anayekilipia.

#16 Nguzo ya Umeme

Basi nikuulize moja kwa moja bila ubishi. Nini kikitokea utasema sawa, chimbeni?

#17 Mpima Kina

Swali la haki, nakujibu hivyo hivyo. Kisima kimoja cha baharini kitoe gesi mwaka mzima bila kuzimwa na mchanga. Kabla ya kuanza, eneo liwe limepimwa si chini ya mwaka, methani ya asili ni kiasi gani, mteremko una hali gani, na nani anaishi pale kama alivyosema Samaki wa Giza. Baada ya kufunga, vihisi vya mwinuko wa sakafu na vya methani vibaki chini miaka mitano, hela yake iwe imewekwa pembeni kabla hata ya kutoboa, na data iwe wazi, ghafi, kila mtu aichukue. Nikiyaona hayo na sakafu imetulia, ntarudi kwenye uzi huu huu niandike kwamba kuhusu sakafu nimebadili msimamo.

Kuhusu hewani sitakuahidi. Hesabu ya #10 haiangalii kisima kimefanya kazi vizuri au vibaya, na hata isipovuja hata kilo moja, zile 2.75 bado zinakwenda juu kutoka kwenye kaboni iliyokuwa imetulia chini ya bahari bila kumdhuru mtu.

#18 Nguzo ya Umeme

Mwaka mmoja wa kutoa, mitano ya kuangalia, data wazi. Hicho kigezo nakichukua, nitakitumia hata nikiwa naitetea.

#19 Samaki wa Giza

Mpima Kina ongeza kamera. Vihisi vya methani havitakwambia kama kome wamekufa.

#20 Mpima Kina

Imeongezwa dada. Kamera zianze kabla, zibaki mahali pale pale miaka yote saba, ili picha ya mwisho tuilinganishe na ya kwanza.